Nilivyojifunza Kupiga Picha Pangoni

Vijana wawili wa shule ya sekondari walifika nyumbani kwangu baada ya Misa ya Dominika, wakiwa na simu moja kati yao, nao wakaniomba nitazame picha. Walikuwa wameingia katika pango moja dogo, wakapiga picha nyingi, na zote zilikuwa za namna moja: weupe mtupu kama ukungu wa alfajiri juu ya mto, na ndani ya weupe huo madoa ya mviringo yaliyotawanyika huku na huku. Mmoja wao akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mama yake ameyaona madoa yale, akasema ni roho za wafu wanaokaa mle pangoni. Nalicheka, walakini si kwa kuwadharau. Picha ya namna ile ile ninayo mimi mwenyewe sandukuni, nami naliipiga mwaka 1987. Basi nikawaketisha, nikawaeleza mambo yale yale ninayowaandikia ninyi leo, wasomaji wapenzi.

Katika mwaka ule nchi yetu ilikuwa ikiitwa Zaire, nami nalikuwa mwalimu kijana katika shule ya misioni karibu na Bunia. Padri mmoja mzee, alipokuwa akirudi kwao Ulaya kwa ugonjwa, aliniachia kamera yake pamoja na flashi ndogo ya betri na beseni za kusafishia filamu. Tangu siku ile nalikuwa mpiga picha wa parokia: arusi, komunyo ya kwanza, maziko, kuja kwa Monsinyori. Nalijiona fundi. Ndipo nikapata tamaa ya kwenda Mlima Hoyo.

Wale wasioujua mlima huo wafahamu kwamba uko Ituri, kusini ya Komanda, mashariki ya njia iendayo Beni, mahali msitu mkubwa unapoanza kukutana na nchi ya juu. Mawe yake ni ya chokaa, na maji ya mvua kwa karne nyingi mno yameyala mawe hayo yakachimba mapango mengi, zaidi ya 40. Katika mojawapo, liitwalo Matupi, mtaalamu wa Ubelgiji Francis Van Noten alichimba ardhi katika miaka ya 1970, akakuta vijiwe vidogo vilivyochongwa na watu wa kale. Vile vya chini kabisa vilikadiriwa kuwa na umri wa miaka 40,000 na zaidi. Babu zetu hawakuogopa giza kama sisi tunavyodhani, au pengine waliliogopa na wakaingia vivyo hivyo.

Nalikwenda na mdogo wangu, aliyekuwa na miaka 15, akinibebea mizigo. Pale mlimani tulimpata mzee mmoja kiongozi, mtu mfupi, mwenye maneno machache, aliyebeba taa ya mafuta mkononi. Alituuliza jambo moja tu: tuna taa ngapi? Nikamwonyesha tochi yangu. Akatazama tochi, akanitazama mimi, kisha akaenda nyumbani kwake akarudi na mishumaa sita na viberiti viwili alivyovifunga katika mfuko wa nailoni. Nalidhani ananidharau. Leo watu wa Ulaya wenye kazi ya mapango wanafundisha kwamba kila mtu na awe na taa tatu, mbali na betri za akiba, na kwamba mtu mmoja aliye nje aijue saa mtakayorudi. Yule mzee hakusoma kitabu chochote, naye alijua hesabu ile.

Safari ile ya kwanza ilikuwa hasara tupu. Naliweka flashi juu ya kamera kama nilivyozoea kwenye arusi, nikapiga picha 24, tukatoka tukiwa na matope mpaka masikioni. Niliporudi misioni na kusafisha filamu katika chumba cha giza, nalikuta ukungu na madoa. Pale ukungu ulipokosekana, ukuta wa pango ulionekana kama ubao uliopakwa chokaa: hakuna karibu, hakuna mbali, hakuna kina. Mahali palipotufanya tunyamaze kwa mshangao pamekuwa si kitu.

Sababu yake nimeielewa baadaye, nayo ni nyepesi. Hewa ya pangoni imejaa unyevu. Ukipumua, pumzi yako hugeuka matone madogo mno yanayoelea mbele ya uso wako. Mwili wenye jasho hutoa mvuke vilevile, na vumbi nalo halikosi. Flashi ikiwa juu ya kamera, yale matone na vumbi vilivyo karibu hupata mwanga mwingi kuliko ukuta ulio mbali, nayo yanaurudisha moja kwa moja machoni pa kamera. Ndizo zile roho za wafu za mama wa kijana. Dawa ya kwanza, basi, ni kuitenga taa na kamera. Dawa ya pili ni kuvuta pumzi, kuizuia, na kuiachia ukiisha kupiga, huku ukigeuza uso pembeni. Inachekesha, lakini jaribu utaona.

Jambo la pili nalifundishwa na yule mzee bila yeye kukusudia. Tulipokuwa tukitoka siku ile ya kwanza, yeye alitangulia na taa yake, akapita nyuma ya nguzo moja ya jiwe jeupe. Mara nguzo yote ikawaka kutoka ndani kama mshumaa wa Pasaka. Mishipa yake ikaonekana, na kila tone la maji juu yake likametameta. Nalisimama nikitazama, na filamu yangu ilikuwa imekwisha! Njia nzima ya kurudi nalifikiri jambo moja tu, kwamba mwanga ukitoka usoni hufuta umbo la kitu, na mwanga ukitoka ubavuni au nyuma hulichora.

Nilipofika nyumbani nalianza kujizoeza, na hapa napenda vijana wanisikilize. Msianzie pangoni. Mimi nalianzia darasani, usiku, madirisha yamefungwa kwa mablanketi, wanafunzi wanne wakinisaidia. Kamera ile ilikuwa na herufi B, ambayo maana yake ni kwamba mlango wake hukaa wazi muda wote unapobonyeza. Katika giza kamili mlango ukiwa wazi hakuna kitu kinachoingia, filamu inangoja tu. Basi unaiweka kamera juu ya miguu mitatu imara, unaufungua mlango, na mwenzako anazunguka na flashi mkononi. Anawasha mara moja nyuma ya dawati hili, mara moja kando ya ukuta ule, mara moja nyuma ya mtu, hata mahali pote pamepata sehemu yake. Mwishoni unafunga mlango. Taa moja ndogo imefanya kazi ya taa kumi. Giza, ambalo nalidhani ni adui, ndilo linalokupa nafasi ya kufanya kazi polepole.

Mwenye flashi sharti aelekeze mgongo wake kwenye kamera, ili mwili wake uufiche moto wa taa. Akisahau, patakuwa na doa kali jeupe katikati ya picha. Na anayesimama ili kuonyesha ukubwa wa mahali asipigwe na mwanga mara mbili akiwa amehama. Mwanafunzi wangu mmoja alihama, akatokea katika picha ile ile mara mbili, na mara ya pili mgongo wa kiti ulionekana kupitia tumboni mwake. Picha hiyo ilizunguka shule nzima hata Bwana Padri akaniita niieleze.

Hesabu yake si ngumu kwa aliyemaliza shule ya msingi. Kila flashi ina namba yake ya kuongozea. Ikiwa namba hiyo ni 24 kwa filamu ya 100, nawe uko mita 6 kutoka kwenye jiwe, unagawanya 24 kwa 6, unapata 4, ndio ukubwa wa tundu unaofaa. Ukiwa mita 3 ni 8. Walakini namba hizo zimepimwa kwa nyumba zenye kuta nyeupe zinazorudisha mwanga. Pangoni matope na mawe meusi hunywa mwanga kama mchanga unywavyo maji, kwa hiyo nalifungua tundu hatua moja zaidi, pengine mbili. Na umbali ukiwa mara mbili, mwanga unaofika si nusu, ni robo. Kosa hilo wanalifanya wote.

Katika buku moja la misioni nalisoma pia habari za waliotutangulia. Mfaransa mmoja aliyejiita Nadar alishuka mwaka 1861 chini ya mji wa Paris, katika mashimo yanayohifadhi mifupa ya wafu, na betri nzito za kuwashia taa ya umeme. Picha moja ilitaka mpaka dakika 18, na kwa kuwa hakuna mtu awezaye kusimama dakika 18 bila kutikisika, alivisha sanamu nguo za wafanyakazi akazisimamisha mahali pa watu. Miaka mitano baadaye, mwaka 1866, Charles Waldack alipiga picha katika pango kubwa la Mammoth huko Kentucky, Marekani, akiwasha nyuzi za magnesiamu. Nilipokwisha kusoma hayo, flashi yangu ya betri nne haikuonekana tena kuwa haba.

Tulirudi Hoyo wakati wa kiangazi. Kiangazi nalikichagua kwa makusudi, maana mvua ikinyesha mlimani maji huweza kujaa pangoni bila wewe uliye ndani kusikia hata ngurumo. Kamera naliibeba katika kopo kubwa la maziwa ya unga lenye kifuniko, nimeizungushia vitambaa. Na nilipoifikisha ndani sikuifungua upesi. Chombo kilicho baridi kuliko hewa ya mahali kikifunuliwa hupata umande juu ya kioo, na ukiufuta kwa kidole chenye matope umekwisha kukiharibu. Robo saa ya kungoja inatosha. Mzee alitumia robo saa ile kulala.

Tulifanya kazi saa tano. Mimi kwenye kamera, mdogo wangu kwenye flashi, mzee akiwa ndiye mtu wa kuonyesha ukubwa, amesimama kimya na taa yake kama Mtakatifu Yosefu katika pango la Noeli. Nalikuwa nikihesabu kwa sauti, mdogo wangu akijibu kutoka gizani, «Tayari, yaya!», kisha mwanga ukapasuka, kisha giza tena. Picha ya mwisho ilikuwa ya kile chumba chenye nguzo nyeupe. Naliipiga, na moyoni nalijua kwamba imekuwa njema. Hapo ilinipasa kufunga mizigo.

Sikufunga. Filamu ilikuwa na nafasi mbili bado, nami nikawaza kwamba mwanga ukitoka juu, kutoka kwenye kile kidari kilicho nyuma ya nguzo, utakuwa mzuri zaidi. Nalimwambia mdogo wangu apande. Mzee akasema, «Mwalimu, pale hapapandwi.» Nalimjibu kwamba ni dakika moja tu. Mdogo wangu alisita, akanitazama, na kwa kuwa mimi ni mkubwa wake akatii. Akapanda, mguu ukateleza juu ya unyevu, akajishika kwenye jiwe moja lililoning'inia kutoka darini, refu kama mkono wangu toka kiwiko mpaka ncha ya vidole. Likakatika. Yeye alianguka juu ya matope, akaamka mzima, Mungu asifiwe. Sauti ya jiwe lile lilipovunjika chini ilikuwa nyembamba, kama ya sahani.

Mawe yale yaning'iniayo, wataalamu huyaita stalaktiti, huzaliwa na tone la maji. Kila tone huacha chokaa kidogo kabla ya kudondoka, kisha lingine, kisha lingine. Urefu unaongezeka kwa kawaida kama sehemu ya kumi ya milimita kwa mwaka, mahali pengine pungufu. Piga hesabu mwenyewe kwa jiwe la sentimita 40. Nalipiga hesabu hiyo usiku ule kwa kalamu ya risasi, nikaona kwamba tone la kwanza huenda lilidondoka miaka 4,000 iliyopita, siku za Abrahamu baba yetu. Nami nalilimaliza kwa ajili ya nafasi mbili za filamu.

Mdogo wangu alilia kwa hofu ya kwamba ataadhibiwa. Nalimwambia kosa si lake, nalo neno hilo lilikuwa kweli, lakini nalilisema kwa sauti ya chini ili mzee asisikie. Hilo ndilo linalonichoma hata leo kuliko jiwe lenyewe. Mzee hakugomba. Aliokota vile vipande viwili, akavilaza chini ya mahali vilipokuwa, kimoja kando ya kingine, tukatoka. Mlangoni ndipo aliponiuliza, «Mwalimu, sasa utaweka nini mahali pake?» Sikuwa na jibu. Naliungama Jumamosi iliyofuata, na Bwana Padri aliuliza jambo moja: kama nimekwisha kumwomba mzee msamaha. Nalisema bado.

Tangu hapo nimekuwa mkali, pengine kupita kiasi, kwa kila anayeniuliza habari za mapango. Kushika mawe kwa mikono mitupu ni vibaya, mafuta ya ngozi huyatia doa. Kuandika majina kwa makaa ni upumbavu. Hata pumzi na taa zetu huharibu. Huko Lascaux, Ufaransa, pango lenye picha za wanyama zilizochorwa na watu wa kale liligunduliwa mwaka 1940, na Padri Henri Breuil alikuwa miongoni mwa wa kwanza kulichunguza. Watu walimiminika humo kwa maelfu, hata mwani wa kijani ukaota juu ya kuta, na serikali ikalifunga kwa wageni mwaka 1963.

Tena yako mapango yanayoharibu watu. Wakati ule hatukujua. Tulipita chini ya popo tukicheka, mdogo wangu akiwarushia mwanga ili waruke. Kumbe popo wale wakubwa wanaokula matunda na kulala mapangoni waweza kubeba virusi vya Marburg. Katika mwaka 1980, na tena katika mwaka 1987 uo huo, waliougua ugonjwa huo nchini Kenya walikuwa wamezuru pango la Kitum katika Mlima Elgon. Na kwetu hapa, huko Durba karibu na Watsa, kati ya 1998 na 2000 waliugua watu 154, wengi wao chanzo chao ni mashimo ya dhahabu yenye popo, wakafa 128. Kwa hiyo neno langu kwa kijana ni fupi: pango lenye popo wengi usiingie, hata kama picha ni nzuri namna gani. Kinyesi chao kikikauka huwa vumbi, na vumbi hilo nalo lina kuvu iumizayo mapafu.

Wale vijana wa simu waliniuliza kama wanahitaji kamera ya bei. Hapana. Simu nyingi za sasa zina namna ya kuacha jicho wazi kwa sekunde kadhaa, na picha unaiona papo hapo, wala hungoji juma zima kama mimi. Taa ndogo za siku hizi hutoa mwanga mwingi kwa betri kidogo. Mwenzako aupitishe mwanga wa tochi polepole juu ya ukuta, kutoka ubavuni, kama apakaye rangi, na simu iwe imeegemezwa juu ya jiwe bila kuguswa. Wajaribu kwanza jikoni usiku, na chungu na kinu. Hoyo nimewakataza wasiende sasa. Katika miaka ya karibuni njia ile imemwaga damu nyingi ya wasafiri, na hakuna picha inayofaa kununuliwa kwa bei hiyo.

Ile picha ya nguzo nyeupe ilipendwa. Ilitundikwa katika chumba cha waalimu, mgeni mmoja akaomba nakala aende nayo Kinshasa. Watu wote huisifia nguzo, na mzee aliye kando yake na taa. Juu, upande wa kuume, jiwe lile linaning'inia bado, zima, kwa kuwa naliipiga dakika kumi kabla. Hakuna anayelitazama.

Miezi minne baadaye nalipata nafasi katika lori, nikampelekea mzee nakala yake, nimeifunga katika karatasi ngumu. Nalimkuta ameketi mbele ya nyumba akisuka kikapu. Nikapiga magoti, nikamwomba msamaha mbele ya mkewe na wajukuu wake, nikasema wazi kwamba ni mimi niliyemwamuru kijana apande. Akaniinua kwa mkono. Kisha akafungua karatasi, akaitazama picha muda mrefu akiisogeza kwenye mwanga. Hakugusa nguzo, wala sura yake mwenyewe. Alipeleka kidole juu, upande wa kuume, akakiweka pale palipo na jiwe, akamwita mjukuu wake mdogo aje aone.